Kiti cha Mwanamke wa Delfi

Mafundi walikuwa bado wanakoroga saruji ya kufunika kaburi la mama yangu, mheshimiwa mmoja aliposhika kipaza sauti na kumshukuru marehemu kwa kutuachia "Mama Mchapakazi". Alisema kila akipita Gatitu humtazama yule mama wa saruji, mtungi kichwani na mtoto mgongoni, akaona moyo wa mwanamke wa Nyeri. Watu wakapiga makofi. Mimi niliketi kwenye kiti cha plastiki nimekaza meno, harufu ya saruji mbichi imenijaa puani, nikitamani kumnyang'anya kile kipaza sauti nimwambie, bwana, koma, humjui unayemsema. Lakini msibani mtu ana ruhusa ya kulia tu, hana ruhusa ya kugombana. Kwa hivyo nililia, na waombolezaji wakanishika mabega wakidhani ni majonzi. Ilikuwa hasira, na ninaandika haya kwa sababu hasira yenyewe haijaisha.

Mama alikuwa mwalimu wa sanaa na historia katika shule ya wasichana, si mbali na mji. Alitoka Ukambani. Baba alitoka Bungoma, alikuwa polisi, na alifundisha makurutu kule Kiganjo. Mimi nilizaliwa katikati yao, kwenye baridi ya watu wengine, na nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee tuliyokuwa nayo sote watatu. Nyinyi wa rika langu mtaukumbuka utoto wa huku: sweta iliyotoboka viwiko, vidole visivyoweza kushika kalamu mpaka jua litoke, uji unaoganda juu kabla hujaufikisha mdomoni. Wengine wenu utoto wenu unanuka moshi wa kuni au majani ya chai. Wangu unanuka saruji.

Nyuma ya nyumba Mama alikuwa na kibanda cha mabati, na humo alitengeneza sanamu. Alianza na vyuma, akavikunja na kuvifunga kwa waya mpaka vikawa mifupa. Juu ya mifupa alivingirisha wavu wa waya, ule wa kuzungushia kuku, kisha akapaka saruji na mchanga tabaka kwa tabaka, kwa mwiko na kwa mikono. Kila jioni mimi ndiye niliyemwagia maji magunia aliyomfunika nayo mtu wake wa saruji ili asikauke haraka akapasuka. Swala aliyesimama kwenye lango la shule alikuwa wake. Tembo wa shule ya watoto wadogo, yule ambaye mkonga wake kila mtoto aliteleza juu yake, alikuwa wake pia. Watu walimsifu kwa hao wanyama. Mwanamke akitengeneza swala hana ugomvi na mtu.

Basi siku moja wakaja watu wa kamati ya kupamba mji. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Gichuki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni, mtu wa kofia na koti hata jua likiwaka. Walitaka sanamu kwenye kibustani kilichokuwa kando ya soko la Gatitu.

"Tuwekee kitu ya hekima, Mwarimu," alisema. "Watoto wakipita waone hekima ni kitu ya maana."

Nadhani alitarajia kitabu kikubwa kilichofunguliwa, au bundi. Alikunywa chai yake, akashukuru, akaenda. Walisema hekima, ila hawakusema hekima ya nani.

Mama alikuwa na kitabu cha historia ambacho jalada lake lilikuwa limeng'oka, na jioni hiyo alinisomea habari za Delfi. Huko Ugiriki ya kale, alisema, kwenye ubavu wa mlima, kulikuwa na hekalu, na ndani ya hekalu mwanamke. Hakuwa malkia wala mke wa mkubwa. Alikuwa mwanamke wa kawaida wa palepale, mara nyingi mtu mzima aliyekwisha kuona maisha. Aliketi kwenye kiti cha miguu mitatu, juu ya ufa ambao watu walisema unatoa mvuke kutoka ardhini, na alichosema kilihesabiwa kuwa neno la mungu wao. Wafalme walipanda mlima kumwuliza. Tupigane au tusipigane? Mji mpya tuujenge wapi? Majemadari wenye mapanga walingoja nje kama watu wanaongoja daktari.

Mimi niliposikia mlima na mvuke kutoka ardhini, nikajua ni huku kwetu. Kila asubuhi si niliuona ukungu ukiinuka kwenye mashamba ukipanda kuelekea mlimani? Niliuliza kama tungeenda kumwamkia Jumapili baada ya kanisa. Mama akasema ni mbali kidogo. Nikaamua moyoni kwamba Delfi iko mbele ya Nanyuki, na kwamba yule mama ni jamaa yetu ambaye hatujamtembelea, jambo ambalo niliona ni ukosefu wa adabu.

Alipomaliza kumtengeneza, nilimpenda kuliko swala na tembo wote. Alikuwa mkubwa kuliko mtu, ameketi wima, magoti yamepanuka kidogo, mikono imetulia juu ya mapaja, nayo haikushika kitu. Kichwa kilikuwa kimeinama kama cha mtu anayesikiliza swali mpaka mwisho kabla hajajibu. Na chini yake kile kiti cha miguu mitatu. Walikuja na lori kumchukua, wakamweka kibustanini, na Mzee Gichuki mwenyewe akapiga makofi. Nadhani siku hiyo hakutazama vizuri.

Waliomtazama walikuwa wanawake wa sokoni. Wa kwanza alikuwa Mama Njoki, aliyeuza kabichi, ambaye alikuja na gunia lake mgongoni, kamba imemkata paji la uso kama kawaida, akasimama mbele ya sanamu akaizunguka yote.

"Haiya!" alisema. "Ati huyu ameketi tu hivi? Mchana?"

"Ameketi," Mama akamjibu.

"Na hana hata kiondo?"

"Hana."

"Na mtoto je? Hakuna mahali umeficha mtoto?"

"Hana mtoto hapo. Yuko kazini. Watu wanakuja kumwuliza maneno."

Mama Njoki alilitua gunia. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi wacha nikae na yeye kidogo," akasema, na akaketi kwenye ukingo wa saruji pale miguuni pa sanamu, akanyoosha miguu. Tangu siku hiyo pakawa mahali pa wanawake kutua mizigo. Walimwita Delfi tu, kama jirani. Ungewasikia wakimtania: "Delfi, leo mvua itanyesha ama nianike mahindi?" Kisha mmoja anajibu kwa sauti nzito, "Anika, lakini usiende mbali," na wote wanaangua kicheko. Hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa ibada ya sanamu. Wanawake waliochoka wanacheka, na mtu akaona shetani.

Mzee Gichuki alikuja nyumbani kofia mkononi. Sikumbuki hata mara moja akipaza sauti, na naapa angepaza ningemsamehe mapema zaidi.

"Mwarimu," alisema, "kazi ni mzuri, hakuna mtu anakataa. Rakini hiyo kiti."

"Kiti kina nini, Mzee?"

"Hiyo ni kiti ya mzee. Hata kwenyu Ukambani najua iko. Mwanamke hawezi karia hiyo kiti, hata kama ni wa simiti."

Kwa wasiojua: zamani mwanamume alipofikia kuketi na wazee barazani alikuwa na kiti chake cha miguu mitatu, cha kuchongwa kwenye gogo moja, akitembea nacho, na mkewe wala mtoto wake hakukikalia. Kilikuwa heshima yake yenye miguu. Siku hizi wazee wenyewe wanakalia sofa, na viti vile wanauziwa watalii. Lakini pale Gatitu, mbele ya mwanamke wa saruji, heshima ilifufuka ghafla.

Wakaitisha mkutano ukumbini. Mama alinichukua, nikaketi naye mbele. Mtu mmoja alisimama akasema hicho ni kishetani cha Wagiriki kimeletwa kupoteza wanawake wa Kikristo. Mama akainuka taratibu.

"Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki," alisema. "Hilo mbona hamjalifukuza?"

Yule bwana akaketi. Ndipo Mzee Gichuki akaingia na upole wake. Hakuna aliyesema sanamu ibomolewe, akaeleza. Waliomba tu isimamishwe kwa miguu yake. "Mpatie mtungi kwa kichwa. Ama kuni. Umuwekee mtoto kwa mgongo. Hivyo kila mtu atamjua ni nani."

"Mzee, huyu wafalme walimwendea kumwuliza kama waende vitani," Mama akasema. "Nikimtwika kuni, watamwuliza nini? Wamwulize kama ni mbichi?"

Wanawake waliosimama nyuma wakacheka. Wanaume hawakucheka, na Mzee Gichuki akavaa kofia yake.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo na bado neno lile linanichoma. Kila mtu atamjua ni nani! Yaani mwanamke asipobeba kitu hatambuliki. Mwanamume wa sanamu anapanda farasi, anainua fimbo, ananyoosha kidole kuonyesha mbali kusiko na chochote, na hakuna anayeuliza mbona huyu hana jembe. Mwanamke mmoja tu aliketi, katika mji mzima, akasikiliza watu, na hilo likawa jambo la kuitishia mkutano. Wanaume wenyewe walikuwa wameketi wakati wanalijadili.

Jioni hiyo, tukila ugali na sukuma, Baba alimtazama Mama kwa jicho lake la kipolisi.

"Sasa niambie ukweli, Mwende. Ulijua?"

"Wagiriki ndio walimpa kiti, si mimi."

"Sijauliza Wagiriki."

Mama alitafuna, akameza. "Baba yangu alikuwa nacho," alisema. "Nikiwa mdogo kama huyu, siku moja nikakikalia. Nilitaka kuona kunakuwaje. Nilichapwa, nikachapwa, mpaka nyanya yangu akaja kunificha kwenye ghala ya mtama."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua," Mama akasema, akajiongeza mboga.

Baba akaanza kucheka, kisha akaacha. "Watakusumbua hao."

"Wacha wasumbue."

Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo natega sikio, na hivi ndivyo nilivyoelewa mambo yote: Mama amechukua kiti cha wazee, kile chenyewe, akakizika ndani ya saruji, na Mzee Gichuki tangu siku hiyo hana pa kukaa. Nilimwonea huruma kwa dhati. Dukani kwake nilikuwa nimemwona mara nyingi akisimama mlangoni, na sasa nilijua kwa nini. Basi Jumamosi, Mama akiwa shuleni, nilichukua kigoda chetu cha jikoni, kile cha miguu mitatu alichokalia akimenya viazi, nikakibeba kichwani hadi sokoni.

"Shikamoo Mzee," nikasema. "Nimekuletea kiti. Sasa usimkasirikie Mama."

Kwanza hakuelewa. Alipoelewa, uso wake wote ulifunguka. Aliwaita wenzake kutoka duka la pili na la tatu, akanifanya niseme tena, na wote wakacheka hadi wakapangusa machozi. "Asante sana msichana," alisema. "Wewe ndio uko na akiri kwa hiyo nyumba." Akaweka kigoda mbele ya duka, akakikalia, akanipa peremende. Mimi nikarudi nyumbani nikiruka njia nzima. Nilikuwa nimemwokoa Mama.

Mama alizipata habari akiwa njiani kutoka shuleni, maana soko halikosi mdomo. Alinikuta langoni, akanishika mkono, tukarudi sokoni. Mzee alikuwa bado ameketi, akiwarudia wenzake ile hadithi sijui kwa mara ya ngapi, na mbele yake, ng'ambo ya barabara, Delfi ameketi pia. Wanawake walikuwa wamejazana kibustanini wanatazama.

"Mzee, habari ya mchana," Mama akasema. "Nimekuja kwa kiti changu."

"Mtoto amenipatia, Mwarimu."

"Mtoto hana kiti. Kiti ni changu, na nina viazi vya kumenya."

Mzee Gichuki alitazama kulia, akatazama kushoto, lakini hakuna njia ya kumrudishia mtu kigoda huku umekikalia. Akainuka. Mama akakipiga vumbi kwa kiganja, akakitia kwapani. Kutoka ng'ambo nikasikia kicheko cha Mama Njoki, na nadhani Nyeri nzima ilikisikia. Njiani Mama aliniambia jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida: "Hatujachukua kiti cha mtu. Umesikia? Hata kimoja."

Nimewahi kuulizwa kama najilaumu kwa hilo. Nijilaumu kwa nini? Nilikuwa mtoto, nikaona mtu hana pa kukaa, nikampelekea pa kukaa. Aliyekuwa na mvi alikuwa yeye. Aibu ya kuinuliwa mbele ya wauza kabichi angeweza kuimeza, kama wanawake wanavyomeza zao kila siku ya Mungu. Badala yake akaenda kutafuta fundi.

Fundi alitoka Kutus. Alikuwa mjenzi wa matangi ya maji na makaburi, mtu wa kutafuta riziki, na yeye sina neno naye. Walimleta asubuhi, Mama akiwa darasani, sisi watoto tukiwa shuleni. Nilipotoka mchana nilisikia nyundo kabla sijafika sokoni. Kiti kilikuwa kimeshavunjwa, vipande vya miguu mitatu vimelala kwenye nyasi. Delfi alikuwa amelazwa chali kama mgonjwa, mapaja yamepasuliwa hadi vyuma vinaonekana, na fundi anavikanyaga kwa buti kuvinyoosha.

Niliuma sweta yangu nisipige kelele. Wanawake walikuwa wamesimama upande wa pili na mizigo yao, hawana pa kuitua. Mama Njoki alimwambia fundi, "Wewe, unajua huyo ni nani?" Fundi akasema yeye ameambiwa ni mama wa kubeba maji.

Walimsimamisha. Wakamfunga mtoto mgongoni, mtoto asiye na uso, fundi hakujua kutengeneza nyuso. Wakamtwika mtungi. Vyuma vya Mama lakini vilikuwa vimekunjwa na mtu aliyejua kazi yake, na havikukubali kunyooka kabisa. Hadi leo ukimtazama kwa ubavuni utaona magoti yamepinda kidogo. Wageni husema ni uzito wa maji, na huo ndio moyo wa mwanamke wa Nyeri aliousifu mheshimiwa. Uzito gani! Mtungi ule ni mtupu ndani. Magoti yamepinda kwa sababu mwili ule uliumbwa ukiwa umeketi, na unajua.

Baba alitaka kwenda kuwaona watu wa kamati. Alivaa hata kofia ya kazi. Mama akamwambia avue, ale. Yeye mwenyewe hakwenda sokoni kwa muda, alimtuma msichana wa jirani kununua vitu. Hakulia mbele yangu. Kibanda kilifungwa, na jioni sikuwa na magunia ya kumwagia maji, nikawa nazunguka tu uani na ndoo tupu.

Wakafanya sherehe ya kuizindua sanamu. Hawakumwalika Mama, au walimwalika hakwenda, sijui, hakusema. Ila kesho yake Mama Njoki alikuja hadi mlangoni kwetu, gunia mgongoni, hakutaka hata kukaribishwa chai.

"Mwalimu," alisema, "wameandika jina yako."

"Wapi?"

"Hapo chini. Mama Mchapakazi, halafu jina yako. Ati ni wewe umetengeneza."

Mama alikuwa anasahihisha kazi za wasichana. Alifunika kalamu. Alikwenda kibandani, akafungua mlango, akatoka na nyundo na tindo, ile ya chuma ya kukatia saruji. Alivaa viatu vyake vya kanisani. Tulishuka barabarani sote watatu, yeye mbele, mimi na Mama Njoki tukimfuata mbiombio, na ilikuwa siku ya soko, mchana kweupe, watu wametapakaa kila mahali.

Jina lilikuwa limechorwa kwenye saruji ya msingi kwa herufi kubwa nzuri. Mama alipiga magoti, akaweka tindo kwenye herufi ya kwanza, akapiga. Hakuwa na haraka. Vipande viliruka, vumbi likampaka mikono hadi viwikoni. Watu walikusanyika, na hakuna aliyethubutu kumgusa, kwa sababu ni nani atamkataza mtu kufuta jina lake mwenyewe?

Mzee Gichuki alifika herufi zikiwa zimebaki chache. Alikuwa amevua kofia, na nikikumbuka sauti yake, naamini aliumia kweli.

"Mwarimu, tumekuheshimu. Hiyo ni jina yako tumeweka. Mbona unaharibu?"

Mama alimaliza herufi aliyokuwa nayo. "Huyu si wangu, Mzee," akasema. "Wangu alikuwa ameketi."

Akakata zilizobaki, akapuliza vumbi, akapapasa mahali pale kwa kidole kuhakikisha hakuna kinachosomeka. Kisha akageuka, akaketi juu ya ule msingi wa saruji, wima, magoti yamepanuka kidogo, nyundo ameiacha chini, mikono imetulia juu ya mapaja. Aliwatazama watu. Watu walimtazama.

"Mwarimu," Mzee Gichuki akasema polepole, "amka basi. Watu wanaona."

Mama hakuinuka.